Lita mbili mpaka Mudende

Phocas, acha kushona kwanza, soma hii karatasi.

Unakumbuka Mbonigaba akiniuzia ile voiture yake, gari ndogo? Aliapa lita moja ya essence inaenda kilometa makumi mbili.

Leo nilirudisha mama mukwe kwake Mudende. Lita mbili zikaisha kwenye mupando wa mlima, majirani zake wanaangalia. Mama mukwe akashuka, akasukuma. Mama mukwe alisukuma, Phocas.

Kurudi, niliteremuka mpaka Gisenyi bila hata tone. Donc nikamuuliza Mbonigaba zile kilometa alipimia wapi.

«Palepale, kwa kushuka, moteur nimezima. Sikukudanganya.»

Kule Mudende, mama mukwe hata hakunitukana. Alipanguza mikono tu, akasema: «Mukwe wangu, siku ingine ukuje kwa miguu, tukupokee kama mutu.»