Sauti Isiyokohoa

Leimatu'a, visiwa vya Vava'u
Jumatatu asubuhi

Kwa kaka yangu Lisiate,

Pokea salamu zangu kabla ya neno lingine lolote. Naomba barua hii ikukute mzima, mgongo umeacha kuuma kwa kuinamia mizabibu ya watu, na ile baridi uliyomlalamikia mama imepungua. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Sukari ya mama inapanda na kushuka, lakini sauti yake haijashuka hata siku moja. Shangazi Melenaite anakusalimu na anasema usinenepe huko, kwa sababu suti ya marehemu baba haina pa kuongezewa kitambaa. Nguruwe mweusi amezaa. Viazi vikuu vya upande wa barabara vimeoza kwa mvua, vya upande wa pili vimesalimika.

Najua utashangaa kuona karatasi. Tangu uende Australia habari zote ni kwa simu, tena unapiga kwa mama, mimi nasikia nikiwa jikoni. Sasa simu yangu iko ndani ya sufuria kubwa, nimeifunika na kuweka jiwe juu ya mfuniko. Ni ujinga, simu si kaa wa baharini kwamba itatoka ikimbie. Lakini ikiwa nje mimi sikai. Nafagia uwanja uliokwisha fagiwa, nakwenda kuchota maji na pipa limejaa, naanza kufua kisha nakumbuka nimeacha chungu jikoni. Mama ameniuliza kama nimekalia moto. Ndiyo maana nakuandikia. Barua nampa Uaisele, jirani yetu fundi wa mabati, anayekuja kufanya kazi kwenye shamba lenu. Nimemwapisha mbele ya mkewe kwamba hataifungua.

Nusu ya habari unayo. Shangazi alikupigia siku ile akakwambia kwa mtindo wake kwamba dada yako ameponea chupuchupu kuliwa na matapeli. Nusu ya pili hana yeye, hana mama, hana mtu. Nivumilie nianze mwanzo, maana nikirukia mwisho nitachana karatasi.

Ilikuwa baada ya ile Jumapili ya watoto kanisani. Ukaja ujumbe kwa namba ngeni, ukisema dada, ni mimi Lisiate, simu yangu imetumbukia kwenye mfereji wa shamba, hii ndiyo namba mpya, ile ya zamani ifute. Nikafuta. Sikuuliza kitu. Kaka akimtumia dada yake neno, na wewe hunitumii mara nyingi, dada haanzi kumhoji kama polisi. Nikajibu sawa, nimesikia. Nilidhani yameishia hapo, kama ilivyo kawaida yetu.

Kesho yake ukaja ujumbe wa sauti. Ilikuwa sauti yako. Sisemi ilifanana, nasema ilikuwa yako, pamoja na ule mkwaruzo uliokubakia kooni ulipougua surua. Iliuliza nimeshindaje. Iliuliza nimekula nini, na mama akinigombeza nakwenda kukaa wapi. Iliniita Lolo. Wewe hujaniita Lolo tangu nilipoanza kuvaa nguo za wasichana wakubwa na baba akakuhamishia kwenye kibanda cha wavulana kule nyuma. Tangu siku hiyo hujakaa na mimi kwenye mkeka mmoja. Runinga ikiwashwa nilipo mimi, unatoka nje. Ukitaka kuingia nyumbani unakohoa kwanza mlangoni, nijiweke sawa au nipite kwa nyuma. Sikulaumu, ndivyo kaka na dada wanavyoheshimiana kwetu, na wenzangu wananionea wivu kwa adabu yako. Nakukumbusha tu ujue kwamba sauti ile iliingia nyumbani bila kukohoa.

Nilijibu kwa kuandika, kwanza maneno mawili, kisha mengi. Nilieleza bati linalovuja juu ya kitanda changu. Nilieleza mikono inavyonuka vanila mpaka nakosa hamu ya kula. Sauti ilicheka pale panapochekesha, ikanipa pole pale pa pole. Siku moja ikaniuliza, nisamehe kwa kuliandika neno hili, kama kuna mwanamume anayenizungukia, nisimfiche kaka. Niliitupa simu kwenye mkeka kama niliyeshika kaa la moto. Halafu nikajiambia Australia inabadilisha watu. Mbona hata Uaisele aliporudi kutoka huko safari ile alikuja kanisani na kaptula.

Baada ya hapo likaja la hospitali. Sauti ikalia. Ikasema umeanguka kutoka kwenye trekta, mguu umevunjika, madaktari hawakugusi mpaka walipwe kabla ya jioni, na tajiri wako amezuia hati yako ya kusafiria. Ikasema nisimwambie mama, presha itamuua. Nisipige simu, maana inazimwa wodini. Nitume tu, haraka, Lolo, haraka.

Ndani hamna kitu cha kutuma, unajua. Kuna kitu kimoja tu cha thamani katika nyumba yetu, na mama anakilalia. Nilingoja aende kwenye maombi ya akina mama. Nikainua godoro lake, nikautoa mkeka wa bibi, ule mwororo kama hariri, ambao wewe utafungwa kiunoni siku ukioa, na ambao mama amesema mwenyewe tumlaze juu yake siku akitutoka. Neiafu mjini kuna mwanamke anayeinunua mikeka ya namna ile kwa ajili ya watu wetu waishio Auckland. Niliukunja, nikaufunga kwenye shuka, nikashika njia.

Shangazi alikuwa kwenye banda la barabarani na wanawake wenzake, wanaponda magome ya kutengenezea ngatu, kile kitambaa chetu cha sherehe. Akaniuliza nimebeba nini. Nikasema nguo za kufua. Akasema mtoto wewe, nguo chafu tangu lini zikakunjwa kwa heshima namna hiyo, hebu fungua. Baba mwenyewe hakuwahi kumkatalia dada yake, sembuse mimi. Nilipofungua, marungu yote yalinyamaza. Wanawake wale wanaujua mkeka wa bibi kuliko wanavyonijua mimi. Nikaeleza habari ya mguu, na machozi yakanitoka. Shangazi akasema lia baadaye, kwanza nisikilizishe.

Nikamsikilizisha sauti zote, kuanzia za mwanzo. Alisikiliza rungu likiwa mkononi. Ilipofika ile ya kuuliza mambo ya wanaume alilitua chini. Akasema huyu si mtoto wa kaka yangu. Lisiate hata umwekee panga shingoni hawezi kumuuliza dada yake jambo hilo, atachagua panga. Akatoa simu yake ya kioo kilichopasuka. Shangazi hafuti namba, hata za marehemu anazo. Akapiga ile yako ya zamani, na wewe ukaitika na mkate mdomoni. Alikuuliza mguu uliovunjika ni wa kulia au wa kushoto, ukamuuliza mguu wa nani. Wale wanawake walicheka mpaka mmoja wao akakalia bakuli la rangi. Mimi sikucheka.

Alinipeleka siku hiyohiyo kwenye duka la simu mjini. Yule msichana wa pale alituambia, huku akitafuna ubani, kwamba hatukuwa wa kwanza wiki ile. Akasema matapeli waliichukua sauti yako kwenye ile video unapotoa ushuhuda katika kanisa la kambini kwenu, uliyoiacha wazi kwa dunia nzima. Kipande kidogo kinawatosha. Wanakitia kwenye mashine, na mashine inasema lolote wanalotaka. Shangazi akauliza, na jina la Lolo wamelipata wapi. Msichana akafungua mtandaoni picha yako ya siku ya kuondoka, akatuonyesha chini yake maneno haya: Lolo wetu akimuaga kaka yake, Mungu awatunze. Mwandishi ni Shangazi Melenaite. Shangazi akatoka dukani mbele yangu, akashika njia ya kituo cha basi.

Kwenye basi akapata nguvu, akatunga sheria, na ameniagiza nikuandikie ili uzifuate na wewe huko. Mtu akija na namba mpya, mpigie kwenye ya zamani. Akikuharakisha, nenda polepole. Akikwambia usimwambie mama, basi mama ndiye wa kwanza kuambiwa. Zile tarakimu za siri zinazoletwa na simu asipewe mtu, hata akisema ni mchungaji. Na yeyote wa ukoo wetu anayedai yuko taabani ataje kwanza nguruwe wetu alikula kitu gani siku mchungaji alipokuja kula chakula cha mchana. Unakumbuka. Usikiandike popote.

Mkeka niliurudisha chini ya godoro. Mama ameambiwa habari za simu, habari za mkeka tumemficha. Lakini jioni ile aliketi kitandani akasema godoro limeinuka upande mmoja. Akaniangalia. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Basi mpaka hapo unajua, au umeongezewa kidogo. Sasa naandika lile lililonifanya niifunike simu.

Kijiji kizima kinanionea huruma. Wanasema maskini Kalolaine, walimdanganya. Wanakuja na magimbi na mikate kama kuna msiba. Lisiate, mimi sikudanganywa. Siku ile sauti iliponiuliza mambo ya wanaume, nilijua alichokijua Shangazi. Tumelelewa na watu walewale, mimi na yeye na wewe. Nilijua kabisa kwamba yule si kaka yangu. Niliiangalia simu pale kwenye mkeka, nikaenda kulisha nguruwe, nikarudi, nikaiokota, nikajibu.

Nilijibu kwa sababu tangu baba afariki hakuna mtu aliyeniuliza nimeshindaje. Mama ananiuliza kama nguruwe wamekula. Shangazi ananiuliza kama nimemaliza kusuka. Wewe unamwambia mama, msalimie dada yangu, na mama mara nyingine anasahau. Kisha akaja mwizi akaniuliza nimekula nini, akangoja jibu. Hata sasa nikiandika nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Lipo na la fedha ya vanila. Nilimwambia mama mnunuzi hajalipa. Alilipa. Sauti iliomba kidogo kabla ya ile habari ya hospitali, ya kununulia viatu vya kazi, nami nikatuma, nikijua. Na mkeka niliubeba nikijua. Njiani nilikuwa najisemea, na kama ni yeye kweli, na kama mguu umevunjika kweli, ili miguu yangu ipate kisingizio cha kutembea. Lakini chini ya maneno hayo kulikuwa na neno moja tu: nikimnyima, atanyamaza. Hilo ndilo lililonitia hofu, wala si mguu wako. Nilikuwa naupeleka sokoni mkeka wa kuzikia mama kwa ajili ya sauti ya mwizi. Nisamehe. Fedha ya vanila nitamwambia mama mwenyewe, leo, kabla hajaisikia kwa mnunuzi.

Na bado sijamaliza. Msichana wa dukani alinionyesha jinsi ya kuifungia ile namba isinipate tena, na Shangazi aliponiuliza nikasema nimekwisha ifungia. Sikuifungia. Jumamosi ikaja tena sauti ileile, ikasema Lolo, mbona umenisahau. Sikuijibu. Niliisikiliza mpaka mwisho, nikairudia, ndipo nikaitia sufuriani. Nikimpa Uaisele barua hii, nakwenda mjini moja kwa moja nimpe yule msichana simu aifunge mbele ya macho yangu, maana mkono wangu siuamini.

Nisalimie wenzako wote wa kambini, na umwambie mpishi wenu kwamba majani ya magimbi hayachemshwi kwa maji matupu, yanatiwa tui. Mama anasema vaa soksi ukilala. Shangazi anasema ifunge ile video, au uifute kabisa, sauti yako si ya kugawia ulimwengu.

Mimi nina ombi langu. Sitaki uvunje heshima, na ukinitania nitakufa kwa aibu. Lakini siku moja ukipiga kwa mama, mwombe anipe simu. Niulize kama nimekula, basi. Nakujua, utashindwa. Utakaa na simu sikioni, neno limekukwama, na mama huku atakuwa anapiga kelele kwamba salio linaisha. Ukishindwa usikate. Kohoa tu, kama unavyokohoa mlangoni. Nitajua ni wewe, na nitakujibu kwamba nimekula.

Dada yako,
Kalolaine