Damu Aliyochangiwa Baba Adam

Ngokolo,
Shinyanga.
16 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Abdulshakur,

Marahaba, maana najua shikamoo yako imetangulia kabla hujafungua bahasha. Kifua cha wifi yangu kimepona? Hapo Tanga joto limepungua? Sisi tu wazima, na Baba Adam sasa anatembea kwa mkongojo, alhamdulillahi.

Kwenye simu nilikwambia kwa kifupi tu kwamba mume wangu alipata ajali. Gari lililombeba yeye na dagaa wake kutoka Nkome, kule ziwani, lilipinduka wakikaribia mjini. Paja likavunjika, damu ikamwagika nyingi. Daktari akaniambia, "Mama, tafuta watu wa kumchangia damu, na upesi." Ndugu huku sina, wewe wajua. Nikampigia Padre Kalisti, mkuu wa shule ya Adam, nikamweleza yaliyotupata, ili amruhusu mtoto aje amwone baba yake. Sikuomba zaidi ya hapo.

Mdogo wangu, basi la shule likaingia hospitalini limejaa vijana wa kidato cha sita, na padre mbele yao amekwisha kunja mkono wa kanzu. Mmoja, Ngusa, kiranja wa bweni la Adam, kijana wa miraba minne, alikuwa anatetemeka. Nikamwambia, "Mwanangu, kama unaogopa, acha."

Akajibu, "Mama, fahali namshika pembe. Sindano ndiyo siiwezi. Lakini Adam ni mdogo wetu." Akafumba macho, akanyoosha mkono.

Damu ikapatikana, Baba Adam akapona.

Sasa lile neno lako la kumhamishia Adam huko Tanga. Najua hofu yako, mtoto wa Kiislamu kulelewa na mapadre. Hata mimi mwanzoni moyo ulisita. Lakini kila Ijumaa anaruhusiwa kwenda msikitini, na msahafu wake uko kabatini, hakuna anayeugusa. Na hesabu zilizokuwa zikimliza, siku hizi anawafundisha wenzake.

Nilipomsomea Baba Adam ujumbe wako, aliomba kanzu yake. Tukaenda shuleni, tukawakuta vijana mstarini. Kabla hajafungua kinywa kuwashukuru, Ngusa akatoka mbele, akainama: "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akamshika mkono, asimwachie mpaka kengele ilipolia.

Njiani akaniambia, "Mwandikie shemeji. Adam atamalizia hapa hapa."

Basi nimeandika, usinikasirikie. Njoo mwenyewe uwaone vijana hawa.

Nisalimie wifi yangu Shadya, na shangazi Mwanne umbusu mikono kwa niaba yangu. Mola awafunike kwa rehema zake.

Dada yako akupendaye siku zote,
Zamoyoni