Mashairi Saba ya Kaka

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza! Miezi miwili ya kuchonga penseli na kupangapanga meza, leo nimeanza. Mashairi saba ya Kaka, sauti moja na piano. Onyesho ni tarehe ishirini na mbili. Mpiga piano ameshauliza mara tatu kama nitawahi. Nikamwambia haraka haraka haina baraka, akanijibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Hana dogo yule.

Daftari hakuna. Kaka alipopofuka alitunga kichwani tu, kisha akamtamkia Mama kupitia ukuta wa chumba — mstari, Mama anarudia, mstari, Mama anarudia, mpaka ukae. Miaka miwili tangu tumzike, na yote saba yamo kichwani mwa Mama. Hayapo mahali pengine. Basi Mama anakaa kiti cha jikoni, anasema, nami naweka noti papo hapo, silabi kwa silabi. Maneno nayaandika chini baadaye. Nikianza na maneno, wimbo unakauka.

Leo la viatu. "Viatu havina mwendo, mwendo ni wa mvaaji." Noti kumi na sita, zimekuja zenyewe. Mama alilia kidogo. Na mimi pia, haya.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi Mama kaniuliza viatu vilivyo chini ya kitanda cha chumba cha kati ni vya nani. Vya Kaka, nikasema. Akasema alaa. Baadaye nikavikuta nje, kando ya pipa la taka. Nimevirudisha ndani.

Nilimwomba anirudie ubeti wa pili wa viatu, nihakikishe neno moja. Hakuukumbuka. Hata wa kwanza. Mama huyu, anayekumbuka nani alivaa nini kwenye harusi ya shangazi! Uzee huo, nimejiambia.

Nimemaliza la mvua na la ngazi. Kazi inateleza.

Jumapili, 9 Machi

Jana tuliandika la kovu. Kaka akiwa na miaka minne alivuta birika la maji ya moto, Mama akaweka mkono wake katikati. Kovu liko kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, limekunjamana. Maisha yangu yote nimelijua.

Leo anaosha vyombo, akaugeuza mkono ule kwenye mwanga. Akauliza hili nalo amelipata wapi. Hakuwa na huzuni hata chembe.

Nikamjaribu. La ngazi? Hakuna. La mvua? Hakuna. Nikamsomea maneno kutoka kwenye karatasi zangu, akasikiliza kama anavyosikiliza redio ya jirani, kisha akasema mazuri, mtunzi ni nani. Nilikwenda kukaa bafuni juu ya ndoo, nikaogopa.

Jumanne, 11 Machi

Mazoezi. Mwimbaji wetu ni mama wa watu mcheshi, sauti nzito ya kifua, hamalizi saa bila kutania. Alipofika la kovu akanyamaza katikati ya ubeti. Alikuwa anajisugua kifundo cha mkono.

"Birika lilikuwa la bluu," akasema.

Shairi halina birika. Lina moto tu. Na huyu hakumjua Kaka, tumekutana naye mwaka huu! Akaendelea, kwa upole, kuuliza kama ni kweli marehemu aligonga ukuta mara mbili kabla ya kila mstari. Mpiga piano akacheka, akasema tumeleta mwimbaji au mganga. Mimi sikucheka. Aligonga mara mbili. Nikafunga mazoezi mapema, nikasingizia kichwa.

Kwa hiyo kinachomtoka Mama hakipotei. Kinahama. Mimi ndiye mpagazi.

Ijumaa, 14 Machi

Mama hajambo! Hilo ndilo linalonitisha. Anakula, analala fofofo, anapanda ngazi bila kupumzika. Daktari kasema shinikizo la damu limeshuka, tuendelee hivyohivyo. Siku nzima anavumisha nyimbo zangu puani, bila neno hata moja.

Nimempa picha ya Kaka. Akaifuta vumbi kwa upindo wa kanga. Kijana mzuri, akasema. Wa nani?

Nisijidanganye humu, hakuna anayesoma. La tano niliandika Jumatano, la sita jana. Niliona kabisa linalotokea na nikaandika. Kwa sababu ni nzuri. Sijawahi kuandika kitu kizuri hivi, na nilitaka. Basi. Nimeona haya kulisema hata kwa karatasi.

Jumamosi, 15 Machi

Limebaki moja. Nililisikia mara moja tu, nikipita mlangoni, Kaka akiwa hai: umeme umekatika, watoto wawili chini ya meza, mdogo analia na mkubwa anamhesabia vidole. Mdogo ni mimi. Jina langu limo, ubeti wa tatu.

Nimempigia mpiga piano. Nyimbo ni sita, nikasema. Akafoka, karatasi za onyesho zimeshachapwa na nyimbo saba! Nikamwambia akate moja kwa kalamu, nikakata simu.

Jumapili, 16 Machi

Mama amekuja mwenyewe. Amevuta kiti, amekaa. Anataka nichukue la mwisho. Nikasema tumemaliza. Akasema hatujamaliza. Sita yamemtoka na usingizi umerudi, hili moja limemkwama kooni, asubuhi anaamka nalo na hajui anamlilia nani.

Ikabidi nimwambie. Yote, viatu, kovu, mwimbaji. Nikamwambia hili likitoka utanisahau na mimi. Alinishika shavu, akacheka.

"We mtoto! Tangu lini mama akamsahau aliyemzaa?"

Picha ya Kaka iko ukutani nyuma yake. Nilimwomba tu asiseme, nikaenda kuchemsha chai ili mikono yangu iwe na kazi. Niliporudi alikuwa ameshafumba macho, na kabla sijaweka sinia akaanza.

"Mdogo wangu sogea —"

Maneno hayo matatu tu. Nikamziba mdomo kwa kiganja changu, akakubali, akanyamaza. Lakini penseli iko mkononi mwangu. Noti nane ziko kwenye karatasi, nzuri kuliko zote, na sikumbuki kuziandika.

Ninaandika haya yeye yuko mbele yangu. Amefumbua macho. Ameweka mikono mapajani, amejiweka sawa kwenye kiti, kwa adabu, kama mtu aliyekuja nyumba ya watu.

"Samahani, dada," ananiuliza. "Niendelee?"