Dawa ya Mume Anakunywa Fahali

Mpendwa Mshauri, pokea salamu za huku Sokon, na msaada wako nauomba upesi kwa sababu mgonjwa ni mume wangu Kisioki lakini dawa anakunywa fahali.

Alianza kuvimba tumbo upande wa kushoto, akawa anachoka hata akikaa, tukampeleka kwa daktari Mjerumani, akamtoboa kidole, akalitazama tone la damu kwa darubini, akasema damu imejaa chembe nyeupe kupita kiasi na kilichovimba ni bandama, ugonjwa huu hautoki mwilini lakini akinywa matone ya dawa kila siku huenda akaishi miaka kadhaa, asipokunywa hatamaliza mwaka, basi tulipofika nyumbani mume wangu akapiga marufuku maziwa yasizidi kumfanya mweupe, sasa tunakula loshoro bila mtindi, yaani mahindi matupu, hata kuku mweupe kafukuzwa, na dawa anampa fahali wake, kisha anampiga mshale shingoni na kuinywa damu, nikimuuliza ananiambia, "Simaloi, maziwa mapya hayamiminwi kwenye kibuyu kichafu. Fahali atanitengenezea damu, mimi nitainywa," na wazee wenzake wanaafiki, na sasa fahali anang'aa na amevunja ua wa jirani, ila mume wangu amekonda mashavu na tumbo linazidi, nami nampenda mtu huyu na ninaogopa, je, nimtilie matone kwenye pombe ya ndizi asijue? Barua hii ananiandikia Mwalimu Aminieli naye anacheka, mwambie aache.

Simaloi, mke wa Kisioki

JIBU

Mama Simaloi, pole sana. Nawe Aminieli, koma.

Usitie kitu kwenye pombe. Dawa hiyo ni sumu iliyopimwa, na mtu akiongeza kikombe ameongeza sumu. Kisioki, nadhani, huongeza.

Maziwa yarudi leo. Kama chakula kingetia damu rangi, nyinyi mnaokula ndizi mbichi mngetoka damu ya kijani. Kuku naye hana kosa, aitwe.

Lakini na wewe, mama, uliiona chupa ikienda zizini ukaishia kuuliza. Heshima kwa mume ni nzuri, ila haimponyi mtu.

Mrudishe kwa daktari, na fahali mwende naye. Mwombe daktari atazame damu ya wote wawili, na Kisioki mwenyewe aweke jicho kwenye darubini. Ataona ya fahali ni safi na yake imejaa chembe nyeupe vilevile, licha ya yote aliyokunywa. Mtu aliyezoea kukagua ng'ombe kwa macho yake hatabisha. Kisha apimiwe matone upya, ayanywe mbele yako baada ya kula, na fahali aachwe shingo yake ipone.

Nawe Kisioki, najua unasomewa. Kibuyu chako hakitakati kwa kuosha cha mwingine. Dawa haitakuponya kabisa, itakupa miaka, na wanao wanaitaka hiyo miaka kuliko fahali anavyoitaka. Ukikaidi, nyama ya msiba wako itakuwa ya fahali huyohuyo, na waombolezaji watasifu jinsi alivyokuwa na afya njema.