Aliyefungua Milango ya Bwawa

Chumba cha Kumbukumbu,
Nyuma ya Posta ya Zamani.

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu na watoto. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba mgongo wako umepata nafuu. Wifi aliniambia siku hizi unalala sakafuni kama mwanajeshi. Pole sana, ndiyo utu uzima huo. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, ila goti lake linatabiri mvua kuliko redio. Fimbo niliyomnunulia ameikataa katakata, anasema fimbo ni za wazee.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu tunazo. Kaka, simu yetu ya juzi iliishia vibaya. Ulisema, nikasema, hakuna aliyemsikiliza mwenzake, na mwisho ukakata. Barua haikatiki. Naomba uisome mpaka mwisho, na ukishamaliza, kasirika utakavyo.

Huwa unanitania mbele ya watoto kwamba mimi ni mlinzi wa vumbi. Sikatai, vumbi lipo. Kiwanda cha nguo kilipofungwa, makaratasi yake yote yaliletwa hapa kwetu yakiwa yamelowa, mengine yameliwa na mchwa hadi yamebaki kama vitambaa vya kufumwa. Tunayasafisha kwa brashi laini, tunayakausha moja moja, tunayafunga kwenye maboksi. Mkuu wetu wa kituo tumempa jina la Bwana Polepole, maana ndilo neno lake pekee ukigusa karatasi. Lakini karatasi za kiwanda zinasema yale tu ambayo ofisi ilitaka yasemwe. Haziwezi kukwambia mashine zilivyowaziba watu masikio, wala maji ya mafuriko yalivyoingia majumbani. Hayo wanayo watu, na watu wanakufa. Ndiyo sababu mwaka huu, tukijiandaa kwa maonyesho ya kumbukumbu ya mafuriko, nimekuwa nikizunguka na kinasa sauti, nyumba hadi nyumba, kuwarekodi waliofanya kazi pale.

Wa kwanza alikuwa bibi mmoja aliyekuwa mfumaji. Alizungumza vizuri mno, akacheka, akakohoa, akanitania kidogo kwa kuchelewa kuolewa. Nilipozima mashine na kuanza kukunja waya, akashusha sauti akasema kwamba habari ya milango ya bwawa nikamuulize Opareta. Nikadhani ni uzee. Wiki iliyofuata nikaenda kwa mzee aliyekuwa mtia rangi. Naye akangoja taa ya mashine izimike, akanitamkia jina lile lile. Kisha fundi wa mitambo, vilevile. Na hawa si watu waliokaa kikao wakanitungia jambo. Mfumaji na mtia rangi wamenuniana tangu wakiwa vijana, mpaka leo hawasalimiani. Wakikutana sokoni mmoja hugeukia vitunguu.

Hadithi tuliyolelewa nayo unaijua kuliko mimi. Mvua ilinyesha mpaka bwawa la kiwanda likajaa pomoni, ukuta ukaanza kutoa nyufa, na Marehemu Baba, mlinzi wa milango, akalizungusha gurudumu peke yake mpaka maji yakageukia mfereji wa pembeni. Bila hivyo ukuta ungepasuka na mitaa yote ya bondeni ingezolewa. Taarifa ya kiwanda inasema hivyo. Mtaa una jina lake. Picha yake imetundikwa kwenye ukumbi wa mji, mkono juu ya gurudumu. Tangu shule ya msingi, wewe na mimi tumepishwa njia kwa ajili ya picha ile.

Nikamtafuta huyo Opareta. Anakaa chumba cha nyuma ya duka la mafundi cherehani. Alikuwa mpiga simu wa kiwanda, yule aliyekaa mezani akiunganisha ofisi na maghala, na maghala na kibanda cha bwawani. Ni mwanamke mrefu, mkavu, anayekukaribisha kwa kukutazama viatu. Mkono wake wa kulia vidole haviwezi kujikunja. Alinimiminia chai kwa mkono wa kushoto. Kelele za cherehani zilikuwa zinapita ukutani, nikaenda kuwaomba mafundi wasimame kidogo. Walipojua anayetaka kuzungumza ni nani, walizima zote na hawakuniuliza kitu.

Alinieleza kwamba siku ile kibanda cha bwawani kilipiga simu. Alikuwa Baba. Alisema maneno machache tu, kwamba anatoka, atafutwe mtu. Kisha simu ikakaa kimya. Opareta akampigia meneja, meneja akamwambia angoje. Akapiga maghala yote, hakuna aliyeitika, watu walishakimbia. Akavua vifaa vya masikioni, akaiacha meza yake, akapanda bwawani kwenye mvua ile. Gurudumu lile ni la kuzungushwa na wanaume wawili. Alilizungusha peke yake, na lango la mwisho lilipokuwa linainuka, mkono ukaingia kwenye meno ya chuma. Baada ya wiki, akiwa bado amefungwa bandeji, alifukuzwa kazi kwa kosa la kuacha meza ya simu bila ruhusa.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwamba alisema, ila alikuwa mwanamke aliyefukuzwa, na taarifa ilikuwa imeshaandikwa. Wenzake waliogopa kufukuzwa kama yeye. Baadaye woga ukawa mazoea. Kisha akanitazama, akijua fika mimi ni binti wa nani, akasema, "Mimi sikufungua milango ili niandikwe. Lakini kama mnaandika, andikeni sawasawa."

Hapo ndipo nilipokupigia simu. Hoja zako nimezifikiria zote, kaka, usidhani nilizitupa. Ulisema marehemu hawezi kujitetea. Ulisema Mama ni mzee, tusimwaibishe, kanda iwekwe pembeni mpaka naye atakapokuwa ametangulia. Ulisema kazi yangu ni kutunza historia, si kuibomoa familia. Ulisema pia neno moja ambalo sitaliandika hapa, na nimeshakusamehe.

Nakiri maneno yako yalinikaa. Nilikwenda kazini nikiwa sina raha, nikamwambia Bwana Polepole kila kitu. Hakunihimiza wala kunizuia. Alisema jambo hili apewe mtu mwingine, maana, kwa maneno yake, karatasi hazina baba ila mimi ninaye. Nikakubali kwamba yeye ndiye apitie rekodi zote, alinganishe, na aamue kama zinashikamana. Lakini kuiacha kazi ya kurekodi nilikataa. Kaka, nimewakalisha wazee wa watu kwenye viti vyao, nikawaomba waniambie yanayowauma. Wengine wamelia mbele yangu. Nikiifungia rekodi moja kabatini kwa sababu inanigusa mimi, kesho nitabisha hodi kwa mtu na uso gani?

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya nikuandikie, maana haliwezi kusemwa kwenye simu ya kukatiana.

Siku uliyonikatia, nilidhani Mama yuko uani. Kumbe alikuwa koridoni, na unajua sauti yangu nikikasirika. Asubuhi nikamkuta sebuleni amevaa gauni lake la kutokea, nywele amezichana, amekaa wima kama anayesubiri kupigwa picha. Akaniambia nilete hiyo mashine yangu. Nikajaribu kumtuliza, nikamwambia si lazima. Akauliza kama inanasa kikohozi, maana hakutaka wajukuu wamsikie akikohoa. Nikamwambia kikohozi kitatolewa. Akasema, basi washa.

Haya ndiyo aliyosema, na ninayaandika nikiwa nimeyasikiliza tena.

Wakati wa mafuriko familia ilikuwa bado haijahamia huku juu. Nyumba ilikuwa bondeni, karibu kabisa na mto. Mama alikuwa amejifungua siku chache tu kabla ya hapo. Alikuwa ametokwa na damu nyingi, hawezi kusimama, na maji yalianza kuingia kwa mlango wa jikoni. Jirani aliyekuwa anakimbia ndiye aliyepita kibandani akamwambia Baba kwamba mkewe amebaki ndani na kichanga. Baba akapiga ile simu. Kisha akakimbia. Alimkuta Mama amejikokota mpaka juu ya meza, maji yamefika kitandani. Akambeba mgongoni, na mtoto akamweka kwenye beseni la kufulia, akalisukuma mbele yake majini mpaka wakafika kilimani. Alipotaka kurudi bwawani, njia ilikuwa imeshakatika.

Mtoto wa kwenye beseni ni wewe, kaka.

Niliizima mashine, nikashindwa kumtazama Mama. Yeye macho yake yalikuwa makavu. Akaniambia niiwashe, hajamaliza. Alisema maji yalipopungua, Baba alikwenda kwa meneja kusema kwamba siye aliyefungua. Meneja akamjibu kwamba taarifa imeshapelekwa, na kwamba mtu akikiri ameacha milango, anayemngoja ni askari. Baba alikuwa na mke mgonjwa na mtoto mchanga. Akanyamaza. Wakampeleka kupigwa picha amevaa shati lililopigwa pasi. Mama alisema hakuwahi kumwona mtu anayechukia picha yake mwenyewe kiasi kile. Zile siku za kumbukumbu alizokuwa akibaki nyumbani akisingizia tumbo, nasi tukasema baba yetu ni mnyenyekevu, sababu ilikuwa hiyo. Mara nyingi alitaka kwenda kwa Opareta. Alikuwa anafika kona ya duka la mafundi, anarudi.

Mwisho Mama akasema, "Baba yenu hakuwa mwoga. Alikuwa na watu wa kuokoa kote kuwili, akatuchagua sisi. Aliyewaokoa wengine ni yule mama. Mpeni chake."

Nilichofanya baada ya hapo utakijua kutoka kwangu, si kwa watu. Nilikwenda kwa Opareta, Mama akiniruhusu, nikamweleza kwa nini kibanda kilikuwa kitupu. Hakuwahi kujua. Simu ile ilisema tu "natoka, atafutwe mtu", na umri wake wote aliamini kwamba Baba alikimbiza roho yake. Akaushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, mafundi wa jirani wakiendelea na cherehani zao. Kisha akasema, "Kumbe alikuwa na kichanga. Angeniambia, nisingemchukia umri wote huu."

Akaniuliza kama mtoto yule alipona. Nikamwambia amepona, ana kipara sasa, na ni mbishi. Akacheka, kaka. Mara ya kwanza kumwona akicheka. Nilimwambia picha ya Baba itashushwa ukumbini, akakataa. Alisema iachwe, ila yake ikae jirani, na chini ya picha zote mbili iandikwe kila mmoja alifanya nini. Hataki kuitwa shujaa. Anataka iandikwe kwamba hakuacha kazi, alikwenda kuifanya.

Kwa hiyo usinipigie kunizuia, yameshafanyika. Bwana Polepole amezipitia rekodi zote, ya Opareta, ya Mama na za wale wazee watatu. Amesema zinashikamana. Zimepewa namba, zimewekwa nakala mahali pawili, na hakuna mkuu wala ndugu atakayezitoa. Ukumbini watu watasikia sauti ya Mama na sauti ya Opareta, moja baada ya nyingine. Wapo waliokwisha kuanza kuninunia mtaani. Mmoja aliniambia nimemzika baba yangu mara ya pili. Nilimjibu kwamba mara ya kwanza tulimzika mtu wa kwenye picha.

Maonyesho yatafunguliwa mwezi ujao. Mama ameniagiza nikuambie uje, tena asema hakuombi. Opareta naye ameniagiza, kwa upole zaidi. Anasema amekuwa akijiuliza miaka yote kazi yake ya siku ile ilimwokoa nani, na kwa kuwa ukuta haukupasuka mkiwa bado majini, angependa kukushika mkono wewe.

Nisalimie wifi sana, mwambie ule unga wa dawa ya goti umefika na Mama anautumia kwa siri. Watoto wabusu kwa niaba yangu. Ukiwa bado una hasira, njoo nazo. Nyumba ni yako, na kitanda cha huku ni kigumu vya kutosha kwa mgongo wako.

Ni mimi mdogo wako, anayekupenda na asiyerudi nyuma,

Mlinzi wa vumbi.