Ufunguo wa Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Nimerudi kutoka shuleni saa kumi, nikakuta mwanaume nisiyemjua anapima sebule yangu kwa tepu. Mjomba kakaa kwenye kochi, anamenya ndizi alizokuja nazo kutoka Matombo. Kafungua kwa ufunguo aliopewa enzi za mama. Eti huyo ni mteja. Mteja wa nini? Wa nyumba! Kiwanja cha marehemu mama, sawa. Matofali ni mshahara wangu wa ualimu, miaka tisa. Yeye anasema nyumba ni ya dada yake, na msemaji wa ukoo ni mjomba. Nimewatoa wote wawili. Shikamoo sikumpa.

Jumanne, 4 Machi
Hasira haijashuka. Duka la vifaa, mjini. Muuzaji kanisukumia kitasa cha bei poa, kinang'aa kweli. Nikachukua ufunguo wa kitasa kingine cha aina hiyohiyo, nikaujaribu. Ukafungua. Na yeye anacheka! Nikamwambia alete cha maana. Kikaja cha silinda, ulimi mnene, funguo tatu bapa zenye vishimo. Hicho.

Jumatano, 5 Machi
Fundi Deo, wa ukoo wa mama, kafunga kitasa. Mbao ya mlango ililiwa kwenye tundu la zamani, kaweka bati la chuma. Kazi safi. Nimefunga na kufungua mara nne, raha tupu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetoka sokoni, mlango wazi. Mjomba ndani, na mteja yuleyule. Mjomba ana ufunguo mpya! Mchicha ukanimwagika. Nimewafukuza, nikaenda moja kwa moja kwa Deo. Kumbe ufunguo wa tatu alibaki nao kujaribia, na mimi mjinga sikuudai. Hana hata aibu. "Ni mkubwa wa ukoo wetu, mwalimu. Ningemnyimaje?" Kampelekea mwenyewe mpaka Matombo, kwa barabara ile mbovu. Kwa heshima! Mwizi angalau angevunja.

Jumapili, 9 Machi
Misa nimekosa. Nimenunua silinda nyingine, nimeazima bisibisi. Kumbe ni skrubu moja ndefu tu, ubavuni mwa mlango. Kucha mbili zimekwenda. Funguo zote tatu nimezivaa shingoni. Mama mdogo kapiga simu: kumfungia mjomba mlango ni laana. Nimemwambia basi wauze ya kwake, tuone.

Jumamosi, 15 Machi
Mvua tangu asubuhi. Nikasikia ufunguo unakwaruza kwenye kitasa. Ukakwaruza tena. Nilisimama nyuma ya mlango. Ukachomolewa.

"Hodi."

Tangu mama afe, mjomba hajawahi kulitamka neno hilo hapa. Nikafungua. Yuko peke yake, kalowa, hana mteja. Nikamwamkia, akaitikia. Nikampa taulo na chai. Habari ya kuuza hakuigusa. Kabla ya kunywa aliutoa ule ufunguo wa Deo mfukoni, akauweka mezani karibu na sukari. Bado nina hasira naye. Nimemwongezea chai.