Mchumba wa Binti Yangu Akiondoka, na Mtandao Unaondoka

Shangazi Wilhelmina, shikamoo kama umenizidi umri, na kama ni mimi niliyekuzidi basi nirudishie kimya kimya maana kwa ile picha yako ya gazetini siwezi kukisia, nakuandikia kwa sababu nimebanwa na jambo ambalo siwezi kumwambia mke wangu, siwezi kumwambia binti yangu, na fundi ambaye ningemwambia ndiye huyo huyo ninayemshuku.

Mimi ni mzaliwa wa Rorya, nina miaka hamsini na sita, nimeishi hapa Mwanza tangu nikiwa na nywele. Nilikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha minofu ya samaki kwa miaka ishirini na miwili, na kazi ya stoo, Shangazi, inamharibu mtu, ukishazoea kuhesabu makreti ya watu unaanza kuhesabu hata vijiko vya nyumbani kwako. Nilipotoka kiwandani nikafungua steshenari hapa Mirongo, kompyuta tano, printa moja na mashine ya kutolea kopi, na anayeiendesha ni binti yangu Queen, maana mimi, niseme kweli, najua kuwasha na kuzima tu, na kuzima kwenyewe mara nyingine nakosea.

Duka letu ni safi, sisemi kwa kujisifu. Mke wangu Dorcas na wenzake wa kanisani wanafuma vitambaa, na siku alipoliona duka alisema halitakaa kama gereji, akakifumia kila kitu nguo yake, vioo vya kompyuta vina vyake, zile sipiyu za chini ya meza zina vyake, hata ruta inayotugawia mtandao aliifumia kanzu nyeupe yenye ukingo wa waridi, imeishukia mpaka chini, kumeachwa matundu mawili tu ya kutokea zile antena, utadhani mtoto anakwenda kupata kipaimara. Wateja wanaisifia mpaka wanasahau walichofuata.

Sasa jambo lenyewe. Queen ana mchumba, anaitwa Malimi, kijana wa Magu, fundi kompyuta, heshima tele, akiniamkia anainama mpaka naogopea mgongo wake. Wazee wake wanakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu kuzungumza mahari na mimi nilikuwa nimefurahi. Lakini huu ni mwezi wa pili mtandao wa dukani unanichezea. Asubuhi uko vizuri, ikifika saa tano unaanza kuvuta miguu, saa sita unakufa, kule pembeni chini ya kioo inatokea pembetatu ya njano, printa nayo inasema haipo wakati naiona kwa macho yangu haya mawili, na wateja waliokuwa wanajaza maombi ya mkopo wa chuo wanabaki wananitazama kama niliyewafelisha mtihani. Queen akiizima ruta na kuiwasha inafufuka dakika kumi, inakufa tena. Nabonyeza pale Windows inapoahidi kutafuta tatizo yenyewe, inatafuta, inatafuta, halafu inaniambia imeshindwa kulitambua, nimwone msimamizi wa mtandao. Msimamizi wa mtandao, Shangazi, ni Malimi.

Basi Queen anampigia simu. Malimi anafika na bodaboda, anavua ile kanzu ya ruta, anaikunja vizuri anaiweka mapajani, anafungua kidirisha cheusi chenye maandishi meupe, anaandika neno moja, vinaanza kushuka vimistari, na Queen ameinama begani kwake wananong'ona. Nikisogea wananyamaza.

"Mnasemaje?"

"Hakuna kitu, Baba. Tunahesabu pakiti zinazopotea."

"Pakiti za nini?"

"Za mtandao, Baba."

Nimekaa stoo miaka ishirini na miwili, sijawahi kuona pakiti isiyokuwa na boksi.

Baada ya kama saa moja mtandao unarudi, Malimi anamalizia soda yake, anaaga, mimi mwenyewe naivisha ruta nguo yake kwa sababu sipendi vitu vikae uchi mbele ya wateja, na haipiti saa moja na nusu, pembetatu hiyo hapo.

Nikafungua daftari. Siku kumi na moja nimeandika saa aliyokuja, saa aliyoondoka, saa mtandao ulipokufa. Akiwepo, mzima. Akiondoka, maiti. Siku ya saba alikuwa na kazi Geita, nikasema leo ndiyo leo, nikamkataza Queen asimpigie, na mtandao ukafa saa sita kama kawaida yake na ukabaki umekufa hivyo mpaka tunafunga, kesho yake asubuhi tukaukuta mzima. Nikajiuliza huyu anauzimaje akiwa Geita, ng'ambo ya maji ya Busisi? Ndipo nikakumbuka kwamba neno la siri la ruta analo yeye, mimi sina.

Siku moja nikambana. "Malimi, mwanangu, hebu niambie, hiki kifaa kina nini?"

Akatazama viatu vyake. "Baba, kifaa hiki kinapenda hewa."

"Hewa gani? Si kiko humu humu tunamovuta sisi?"

Akamtazama Queen, Queen akatazama barabarani, na mke wangu aliyekuwa amekaa pale na sindano yake ya kufumia akasema, "Mwacheni mkwe wangu apumzike, hamwoni amechoka?" Kijana akatokwa na jasho. Mtu asiye na hatia, jasho la nini? Wiki iliyofuata akaleta kifeni cha mezani, eti zawadi ya duka, akakiweka kinaitazama ruta. Nikakichunguza kama kina kamera ndani. Sikuiona, nikakigeuza kinipulize mimi, maana mwenye joto pale nilikuwa mimi.

Nimewaza mpaka nimekonda, ingawa Dorcas anasema haionekani. Kama anaharibu ili aitwe, basi huyu anayeharibu vya baba mkwe kabla ya ndoa, baada ya ndoa atashindwa kuharibu nini? Au analimezea mate duka? Na juzi hata kompyuta namba tatu anayotumia Queen imeanza kuzimika ghafla katikati ya kazi. Queen ndiye mikono yangu, Shangazi, Queen ndiye macho yangu pale dukani. Nimemwambia mshenga wetu, mzee Elias, awaambie wazee wa Magu tuahirishe, sababu watapewa baadaye. Elias amekataa kupeleka neno lisilo na sababu, amenipa muda mpaka nione jibu lako. Queen hajui lolote. Nivunje au nisivunje?

Ni mimi, Baba Mkwe Mwenye Daftari, Mirongo.

(Majina nimeyabadilisha, ingawa wenye akili Mirongo watanitambua kwa vile vitambaa.)

SHANGAZI WILHELMINA ANAJIBU

Baba Mkwe, marahaba, shikamoo nimeipokea, na suala la umri tuliache hapo hapo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka. Ya pili nilikasirika, na hasira yenyewe utaikuta huko chini.

Mimi siyo fundi. Simu yangu ikianza kuongea yenyewe huwa naifungia kabatini mpaka wapwa zangu waje. Kwa hiyo nilimsomea barua yako Pius, anayetutengenezea kompyuta hapa gazetini. Hakuningoja nifike mwisho. Nilipofika kwenye kanzu ya ruta akaweka kikombe chini akasema, "Shangazi, hiyo inapikwa."

Inapikwa, Baba Mkwe. Ruta ikifanya kazi inatoa joto, na yale matundu ya ubavuni na mgongoni yamewekwa ili joto litoke. Ninyi mmeivika uzi mpaka miguuni, kwenye joto la Mwanza. Asubuhi imepoa kwa usiku mzima, inakwenda. Saa tano inahema. Saa sita imezimia. Malimi akifika, anaanza na nini? Anaivua. Inakaa uchi saa nzima, inapoa, mtandao unarudi. Akiondoka, nani anaivisha? Umeniandikia kwa mkono wako mwenyewe.

Daftari lako lina kuja, lina kuondoka, lina kufa. Kuvisha hukuandika. Na ile siku ya Geita uliyoifanya ushahidi wa kumfunga kijana ndiyo inayomtoa. Hakuwepo, hakuna aliyeivua ile nguo, ndiyo maana mtandao haukurudi mpaka kesho yake. Nilimwuliza Pius kama mtu anaweza kuizima ruta akiwa mbali. Sitakuficha, alisema anayejua neno la siri anaweza. Lakini akaniuliza ni mchawi gani anayefanya kazi saa sita mchana kila siku bila kuchelewa wala kuugua.

Sasa jasho. Malimi anajua ugonjwa, na aliujua siku nyingi. Wewe ulimwuliza mbele ya mama mkwe aliyeshika sindano! Ulitaka kijana wa watu ajibu nini? "Mama, kazi ya mikono yako inaua mtandao"? Wewe ulipokuwa unamposa Dorcas, ulithubutu kumwambia mama yake kwamba mboga imezidi chumvi? Kijana alisema hewa. Hukuelewa. Akaleta feni. Ukaigeuza ikupulize wewe. Angefanya nini tena, apige magoti mbele ya ruta? Queen naye ana kesi ya kujibu, alishindwaje kukunong'oneza, lakini yeye hajaniandikia.

Kesho asubuhi fanya hivi. Vua vyote, kuanzia ruta mpaka kompyuta ya tano. Ruta ipandishe kwenye rafu mahali penye upepo, isibanwe na mafaili. Kompyuta namba tatu nayo inachemka, ndiyo maana inazimika. Izime, uchomoe waya wa umeme, Malimi aifungue ubavu aisafishe. Pius anasema kompyuta za huku kwetu ukizifungua unakuta vumbi limeshikana na vile vijidudu vya ziwani vinavyofuata taa, feni haina pa kupitishia pumzi. Halafu chukua daftari lako uandike siku tatu. Mtandao ukifa tena ruta ikiwa uchi, basi kifaa kimechoka au waya una kasoro, vibadilishwe, na bado siyo kosa la Malimi. Neno la siri mwombe, uliandike, ulihifadhi. Duka ni lako, kutolijua ni uzembe wako, usimgeuzie yeye kuwa hila.

Dorcas mwambie wewe, usimtume mtu. Mwambie joto linavikalisha vifaa vibaya mchana, lakini jioni vikishazimwa na kupoa, vivishwe vitambaa vyake vilale navyo, vinazuia vumbi. Huo ni ukweli na haumvunji moyo. Usije ukamwita mchawi wa mtandao kwa utani, nakujua.

Hasira yangu ni hii. Umetunza stoo kiwanda cha minofu miaka ishirini na miwili. Mashine ya baridi ikifunikwa ikakosa pumzi inafanyaje? Unajua kuliko mimi na Pius. Mtu anayehesabu vijiko nyumbani kwake anashindwaje kuiona kanzu anayoivisha kwa mikono yake kila siku? Hapo na mimi nikaanza kushuku, na ninayemshuku ni wewe. Kosa la Malimi ulilihitaji. Ulilitafuta siku kumi na moja kwa kalamu.

Unaogopa ile Jumatatu baada ya harusi, utakapofungua duka peke yako, mteja anasema naomba unijazie fomu, na wewe unajua kuwasha na kuzima tu. Na unaogopa kile kiti cha namba tatu kikiwa hakina mtu. Pole, ndugu yangu. Sikucheki hapa. Binti yangu alipoposwa nilimkagua yule kijana kuanzia meno mpaka soli za viatu, nikatafuta kasoro wiki tatu. Niliyoipata ni kwamba anakoroma, na hiyo nilisingizia.

Jibu la swali lako ni usivunje. Mpigie mzee Elias leo kabla hujala, umwambie wageni waje Jumamosi yao kama walivyopanga, na umshukuru kwa ukaidi wake, maana umekuokoa. Malimi mwite nyumbani, siyo dukani, umwombe radhi kwa maneno yaliyonyooka bila vichekesho vyako. Kisha kaa na Queen, wateja wakiwa wameondoka. Mwambie duka litakuwia zito bila yeye. Mwombe akufundishe kazi saa moja kila siku kuanzia sasa mpaka siku ya harusi, na wewe ukubali kuwa mwanafunzi mjinga, maana ndivyo ulivyo.

Na umwambie pia kwamba ulitaka kuizuia posa yake. Najua hapo ndipo utakapotaka kuniruka. Usiniruke. Atanuna, hatakusemesha siku mbili tatu, chai utajipikia mwenyewe. Heri anune akiwa bado mezani kwako kuliko alisikie neno hilo kwa Elias, akiwa ameshakuwa mke wa mtu huko Magu, na wewe hupo karibu wa kumbembeleza.